Kitabu cha Kiingereza kisiwe fimbo kwa mtoto

NI jambo la kawaida kumwona mtoto wa Kawangware au Kangemi akipiga domo uwanjani kwa Kiswahili na Sheng, lakini akiitwa darasani asome ukurasa mmoja wa Kiingereza, anainamisha kichwa na sauti inamkauka. Wengi humwita mzembe. La hasha! Kinachomfunga kinywa ni hofu ya kuchekwa.

Hofu hiyo haikuanza leo. Kwa miaka mingi katika shule nyingi nchini, mwanafunzi aliyeteleza akasema lugha ya mama alivishwa "diski" shingoni, na jioni akaadhibiwa. Baadhi ya wazazi wa leo waliivaa. Mtoto akizoea kwamba lugha ni fimbo, ataikimbia.

Kuna na tatizo la pili. Kiswahili husomwa jinsi kinavyoandikwa, ilhali Kiingereza sivyo. Mtoto akiona neno "cake" na kulisoma "chake", hajakosa akili. Ametumia kanuni ya lugha anayoijua. Badala ya kumkemea, mwalimu amkumbushe kwamba ni ile keki aliyokula Krismasi, kisha ampe ndugu za neno hilo: "make", "lake", "bake".

Je, mwalimu mwenye darasa lililofurika afanye nini?

Kwanza, aanze na picha. Kabla ya kusoma hadithi, awaonyeshe watoto jalada na kuwauliza wanadhani kutatokea nini. Wakijibu kwa Kiswahili, awakubalie, kisha awape maneno ya Kiingereza watakayokutana nayo. Mtoto aliyekwisha kubashiri hadithi ana hamu ya kujua kama alibahatisha.

Pili, asimtupe mtoto majini peke yake. Mradi wa Tusome, ulioanzishwa na Wizara ya Elimu mwaka wa 2015 kwa ufadhili wa Marekani, ulifuata utaratibu mzuri: mwalimu husoma, kisha wote husoma pamoja, mwishowe mtoto husoma mwenyewe. Wanaposoma pamoja, mwenye haya hujificha katika sauti za wenzake hadi apate ujasiri.

Tatu, waigize. Mmoja awe fisi, mwingine sungura, na wengine wasimulizi. Watarudia mistari ileile mara tano bila kuchoka, na kurudia huko ndiko kusoma.

Nne, sentensi iandikwe kwenye karatasi ya kalenda kuukuu na kukatwa vipande. Watoto wanne wanne waipange upya. Hakuna gharama hapo.

Tano, waleteni mtaa darasani. Makaratasi ya maziwa, unga na sabuni yamejaa Kiingereza. Hata safari ya matatu nambari 46 kutoka mjini hadi Kawangware ni kitabu: mtoto ahesabu maneno aliyoyatambua kwenye vibao vya maduka, na kesho ayaandike ubaoni.

Mzazi naye asijitoe kwa kisingizio kwamba hajui Kiingereza. Mwache mtoto akusomee, kisha muulize kwa Kiswahili: "Nani alifanya nini? Kwa nini?" Akishindwa kueleza, basi alitamka tu bila kuelewa, na mwalimu anahitaji kujua hivyo.

Vitabu je? Katikati ya jiji wapo wachuuzi wanaotandaza vitabu kuukuu chini, ile biashara iitwayo "inama". Chagua chembamba chenye picha nyingi. Mjueni pia na maktaba. Ile ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka wa 1931, ilikuwa ya Wazungu pekee kabla ya milango kufunguliwa kwa wote. Waliofungiwa nje walikuwa babu na nyanya wa watoto hawa. Itakuwa aibu ikiwa wajukuu watafungiwa nje ya kitabu na kicheko cha wenzao darasani.

Haba na haba hujaza kibaba. Ukurasa mmoja kila jioni watosha.