NDEGE WA VICHAKANI ASIYEKULA NAFAKA

Mkulima aonapo ndege shambani hudhani amekuja kula mtama, na watoto wenye manati hupiga kila ndege apitaye. Desturi hii ina hasara, kwa kuwa wako ndege wasiogusa nafaka, bali hula wadudu. Mmoja wao ni yule ambaye wataalamu humwita Batis molitor. Yafaa kila mkulima wa bara ya Kenya na Tanzania amjue.

MAHALI PAKE. Hukaa vichakani, penye migunga na miombo, na kandokando ya msitu. Mara nyingi huenda wawili wawili, dume na jike, wala hawaji kwa makundi makubwa kama kwelea.

ALAMA ZAKE. Urefu wake ni kama inchi 5. Kichwa na mgongo ni kijivu. Penye macho pana utepe mweusi, na jicho lenyewe ni la manjano. Bawa lina mstari mweupe, na tumbo ni jeupe. Dume ana mshipi mweusi kifuani. Mshipi wa jike ni wa hudhurungi, tena ana doa la rangi hiyo hiyo kooni.

MDOMO WAKE. Kwelea ana mdomo mfupi, mnene, wa kuvunjia punje. Mdomo wa huyu ni mweusi na mwembamba, nao ni wa kunasia wadudu.

KAZI YAKE. Hutulia tawini akitazama huku na huku, kisha huruka ghafula akamnyakua mdudu juu ya jani au hewani. Hula mbawakawa, nzi, nondo na viwavi.

KIOTA CHAKE. Ni kikombe kidogo cha nyuzi za mimea zilizofungwa kwa utando wa buibui, nacho hufanana na kifundo cha tawi. Kwa kawaida mayai ni 2. Jike huyalalia, na dume humletea chakula.

MAMBO YA KUFANYA.
1. Wafundisheni watoto alama hizi, wasimpige.
2. Kabla ya kufyeka kichaka, tazameni panda za matawi kama pana kiota.
3. Acheni vichaka vichache mpakani mwa shamba, mahali visipozuia kilimo.

Ndege huyu peke yake hawezi kumaliza viwavi shambani. Palizi na uangalizi wa mkulima havina badala. Lakini kila siku hula wadudu bila ujira, na amwuaye humfukuza kibarua wake mwenyewe.