Imani Hujengwa Kabla ya Dhoruba

Watu wengi huomba nguvu za rohoni siku ile taabu inapobisha hodi mlangoni. Kuomba ni vema. Lakini mwenye kujenga nyumba hachimbii nguzo zake wakati mvua ya masika imekwisha kuanguka. Huzichimbia kiangazi, akazishindilia udongo. Imani nayo ndivyo ilivyo. Na tuzitazame habari za Wakristo wa Buganda, zamani za Kabaka Mwanga, tupate kuona jinsi walivyojengwa.

Wamisionari wa kwanza kutoka Uingereza walifika Buganda mwaka 1877, na mapadre wa Kifaransa mwaka 1879. Walioifuata dini hiyo mpya waliitwa wasomaji, maana kujifunza imani na kujifunza kusoma kulikuwa kazi moja. Vitabu vya Kiganda vilikuwa vichache mno, hata baadhi yao walisoma kwanza Injili kwa Kiswahili.

Mwaka 1882 mapadre wale waliondoka, wakaenda kukaa kusini ya Ziwa, wala hawakurudi mpaka mwaka 1885. Mtu angalidhani ya kuwa kazi yao ingalikufa. Haikufa. Wasomaji wenyewe walikusanyika, wakasali, na ajuaye akamfundisha asiyejua. Yosefu Mukasa, mkubwa wa vijana watumishi wa nyumbani mwa Kabaka, akawa mwalimu wao.

Ndipo dhoruba ikaja. Mwezi wa Januari 1885 vijana watatu wa misheni ya Kiingereza waliuawa. Mwezi wa Oktoba Askofu Hannington aliuawa huko Busoga kwa amri ya Kabaka. Yosefu Mukasa alimlaumu bwana wake kwa tendo hilo, naye akauawa tarehe 15 Novemba. Siku ile ile Karoli Lwanga akabatizwa, akashika mahali pake, akawakinga vijana na tamaa mbaya za mfalme. Mwalimu ameondolewa, na mwanafunzi yu tayari!

Mwezi wa Mei 1886, usiku wa kuamkia siku ya hukumu, Lwanga aliwabatiza wenziwe waliokuwa hawajabatizwa, na mmoja wao ni Kizito, mtoto wa miaka kama 14. Tarehe 3 Juni, huko Namugongo, Wakatoliki na Waprotestanti walichomwa moto siku moja. Mbaga Tuzinde alikuwa wa jamaa ya mkuu wa wauaji, akasihiwa sana aikane imani apone, akakataa. Vijana watatu walisamehewa pale pale, nao ndio waliosimulia baadaye mambo waliyoyaona.

Je, ujasiri ule ulizaliwa siku ya moto? Hasha. Ulizaliwa katika miaka ile ya kusoma taratibu, ya kusali bila padre, ya kufundishana usiku. Moto haukuwapa imani, uliidhihirisha tu.

Sisi hatuitwi Namugongo. Lakini twajaribiwa kila siku: mtoto anapougua, na jirani akatushauri kwenda kupiga ramli, karani anapoombwa aandike hesabu ya uongo, kijana anapochekwa na wenziwe kwa kuwa hanywi pombe. Saa hiyo hakuna nafasi ya kutafuta msingi. Atasimama yule aliyeuchimba mbele.

Basi yatupasa tuanze sasa, tena kwa mambo madogo. Tusome sehemu fupi ya Injili kila siku, tukaitie moyoni, tupate kuwa nayo hata pasipo kitabu. Tusali pamoja na wenzetu wawili watatu, maana ukuni mmoja huzimika upesi. Tuseme kweli katika jambo la senti moja, ili tuweze kuisema katika jambo la maisha. Na kila tulichojifunza tumfundishe mwingine, ili tutakapoondoka sisi, awepo wa kushika mahali petu.