Kupanda Mjakaranda kwa Mbegu

Mjakaranda, mti wa maua ya zambarau uliotoka Amerika ya Kusini, hukua upesi na kutoa kivuli chema. Wakaao Kaloleni, Bahati na Makadara hawana haja ya kununua miche. Maganda yake bapa, magumu kama mbao, huanguka chini ya miti ya barabarani, na ndani yake mna mbegu nyembamba zenye mabawa.

Mbegu hulowekwa usiku mmoja, kisha hutandazwa katika kopo lililotobolewa chini na kufunikwa udongo kidogo tu. Baada ya majuma mawili au matatu huota.

Taabu ya Eastlands ni ule udongo mweusi. Wakati wa masika hushika maji, na wakati wa kiangazi hupasuka nyufa. Kuchimba shimo refu hakufai, maana hugeuka kisima, na mizizi ya mche hukosa pumzi ikaoza. Heri kujenga tuta pana la udongo uliochanganywa na samadi, mche upandwe juu yake, mbali na kuta na mabomba ya maji machafu. Maua ya kwanza huweza kukawia miaka saba au zaidi. Kivuli hupatikana mapema kuliko hapo.