Moyo wako hupiga ovyo na bado unataka sindano ya misuli?

Twende polepole. Una miaka 23 na umekuwa ukipiga chuma tangu Januari. Mabega yameanza kutokea lakini si kwa kasi uliyotarajia. Jamaa mmoja wa jimu, yule mwenye kifua kama mlango wa matatu, amekuvuta kando akakunong'onezea: "Mayai na githeri pekee havitakufikisha, msee. Kuna kitu." Kitu chenyewe ni chupa ndogo ya mafuta na bomba la sindano, au vidonge vilivyofungwa kwenye karatasi kama njugu karanga.

Ila kuna jambo hujamwambia. Tangu sekondari moyo wako una vituko. Unaanza kwenda mbio ukiwa umeketi tu kwa mat. Wakati mwingine unaruka pigo moja, kisha unagonga kwa nguvu kama mtu aliyejikwaa ngazini. Pengine daktari alishakutajia jina la tatizo lako ukalisahau kabla ya kufika steji. Sasa unajiuliza: dozi moja tu, ndogo, itanidhuru?

Vijana wameniuliza swali hili kiasi kwamba nimeamua kuliandikia. Mimi si daktari. Chuo nilikiacha mwaka wa pili, na hata huko sikusomea mambo ya hospitali. Lakini kusoma ripoti za utafiti hakuhitaji cheti ukutani, na kuhusu jambo hili ripoti zipo za kutosha.

Kwanza tuelewane kuhusu jina. Steroidi tunazozungumzia ni zile za anaboliki, yaani nakala za testosteroni, homoni ya kiume. Usizichanganye na zile za pumu au prednisolone uliyopewa kemisti ya mzio. Hizo ni ukoo mwingine. Testosteroni ilitengenezwa maabara mara ya kwanza mwaka 1935, na Dianabol, kidonge kilichopendwa na wanyanyua vyuma wa Marekani, kikaingia sokoni mwaka 1958. Kwa hivyo si uvumbuzi mpya ambao madaktari hawajaufahamu. Hospitalini dawa hizi zina kazi yake, kwa mfano kwa mwanamume ambaye mwili wake hautengenezi homoni hiyo ya kutosha. Tofauti ni kipimo. Wanaojaza misuli hutumia hata mara kumi au zaidi ya anachopewa mgonjwa, na mara nyingi huchanganya aina mbili tatu kwa pamoja.

Sasa moyo. Wengi tunaujua kama pampu, lakini pampu hiyo inaendeshwa na stima. Kuna sehemu ndogo juu upande wa kulia inayotoa cheche mara 60 hadi 100 kwa dakika ukiwa umetulia. Cheche hiyo inapita vyumba vya juu, inasubiri kidogo katikati, kisha inashuka kwenye vyumba vya chini na moyo unapiga. Ukiwa na tatizo la mdundo, basi kuna hitilafu mahali kwenye nyaya hizo. Pengine cheche zinatoka sehemu zisizofaa. Pengine vyumba vya juu vinatetemeka tu badala ya kupiga, hali ambayo madaktari huiita fibrilesheni ya atria. Au ulizaliwa na waya wa ziada, kama kwenye hali ya Wolff-Parkinson-White, inayobeba majina ya madaktari watatu walioieleza mwaka 1930.

Watu wengi wanaishi na hitilafu hizi miaka mingi bila noma, tena wengine bila kujua. Shida inaanza unapoongeza mzigo kwenye nyumba ambayo nyaya zake tayari zina kasoro.

Na mzigo wenyewe ni huu. Msuli wa moyo una vipokezi vya homoni hiyo hiyo unayoidunga ili kifua kikue. Sindano haiwezi kuambiwa iende kwa mikono iache moyo. Ukuta wa chumba cha chini cha kushoto, kile kinachosukuma damu mwili mzima, unanenepa na kukakamaa. Ndani ya msuli huo hujengeka makovu madogo madogo. Hapa ndipo mtu mwenye tatizo la mdundo anapaswa kusimama asome tena, kwa sababu kovu halipitishi umeme vizuri. Cheche ikifika kwenye kovu inalizunguka, na ikizunguka inaweza kurudi ilikotoka, ikaanza kujizungusha kwa kasi kama boda iliyokosa njia ya kutoka raundabauti. Moyo unapiga mara 200 kwa dakika, hausukumi damu ya maana, na wewe unaanguka.

Bado kuna presha inayopanda, kolesteroli mbaya inayoongezeka huku ile nzuri ikishuka, na damu inayokuwa nzito kwa kuwa testosteroni huufanya mwili utengeneze chembe nyekundu nyingi kupita kiasi. Weka damu nzito kwenye moyo ambao vyumba vyake vya juu vinatetemeka. Damu inatuama pale, inaganda, donge linachomoka na kusafiri hadi kwenye ubongo. Hicho ni kiharusi, na hakiangalii kitambulisho chako kina mwaka gani.

Mwaka 2017 jarida la Circulation lilichapisha utafiti wa Marekani uliowapima wanaume 140 wanaonyanyua vyuma. 86 walikuwa wametumia steroidi, 54 hawakuwahi. Walipima ni kiasi gani cha damu chumba cha kushoto kinasukuma nje kila kinapopiga. Kwa wasiotumia, wastani ulikuwa asilimia 63. Kwa watumiaji, 52. Kwa wale waliokuwa wakitumia wakati huo huo wa kupimwa, 49. Kwa nje hawa ndio waliokuwa na miili ya kutamaniwa. Waliokuwa wameacha walikuwa na wastani wa 58, kwa hivyo kuacha kuna faida, ingawa hawakuwafikia wale ambao hawakuwahi kugusa.

Denmark wana utaratibu wa kupima wateja wa jimu kama wanavyopimwa wanariadha. Wakafuatilia afya ya wanaume 545 waliopatikana na steroidi mwilini na kuwalinganisha na wanaume wengine wa rika lao. Vifo vilikuwa mara tatu zaidi upande wa watumiaji. Uchunguzi mwingine wa huko huko, uliochapishwa mwaka 2025, ulihusu watumiaji 1,189. Matatizo ya mdundo wa moyo yalikuwa zaidi ya maradufu, na ugonjwa wa msuli wa moyo karibu mara tisa. Kumbuka hawa hawakuchaguliwa kwa sababu walikuwa na shida ya moyo. Walikuwa vijana wa jimu tu, kama wewe na mimi. Wewe unaanzia nyuma yao.

Na yule anayekuambia kuna "dozi salama" kwa mtu mwenye tatizo la mdundo, muulize aliipata wapi. Hakuna kamati ya maadili itakayoruhusu watafiti wawadunge steroidi watu wenye mioyo yenye hitilafu ili waone nani ataanguka. Hiyo dozi salama ameitunga yeye.

Pengine unasema, lakini wale majamaa wa mtandaoni mbona wako fiti? Dallas McCarver naye alionekana fiti. Alikuwa mmoja wa wajenga mwili wakubwa wa Marekani, akafariki Agosti 2017 akiwa na miaka 26. Uchunguzi wa maiti ulikuta moyo wenye uzani wa gramu 833. Wa mwanamume mzima kwa kawaida hukaribia gramu 300 hivi. Ripoti ilitaja matumizi ya muda mrefu ya steroidi na homoni nyingine kuwa yalichangia.

Kuwa na mwili wa mazoezi hakumaanishi stima ya moyo iko sawa. Mashabiki wa soka wanamkumbuka Marc-Vivien Foé wa Cameroon aliyeanguka uwanjani Lyon mwaka 2003, na Christian Eriksen wa Denmark aliyeanguka kwenye Euro Juni 2021 akaokolewa na kuwekewa kifaa kifuani. Hao hawakuhusishwa na steroidi hata kidogo, nisisikie ukisambaza uongo. Ninawataja kwa sababu walikuwa wanariadha wa kulipwa, wenye madaktari wa timu, na bado moyo uliwashtukia.

Kinachonitia hofu zaidi ni vile steroidi haziji peke yake. Msimu wa "kukausha" ukifika, jamaa yule yule anakuletea clenbuterol, dawa ya kupanua njia za hewa ambayo huuchochea moyo uende mbio hata kwa mtu mzima. Mwingine anameza homoni ya tezi la shingo ili achome mafuta, na homoni hiyo ikizidi ni mojawapo ya sababu zinazojulikana za vyumba vya juu kuanza kutetemeka. Mwingine anameza dawa za kukojoza maji ili mishipa ionekane kwa picha, na potasiamu inatoka na mkojo. Bila potasiamu ya kutosha, umeme wa moyo unayumba. Ongeza ile poda yenye kafeini ya kabla ya mazoezi. Kila kimoja kati ya hivi peke yake ni tatizo kwa mtu mwenye mdundo mbovu. Wewe unavipata vyote kwenye mkoba mmoja.

Kama tayari uko kwa dawa za moyo, hali ni mbaya zaidi. Warfarin, dawa ya kuzuia damu kugandana, hupata nguvu kupita kiasi ikikutana na steroidi za anaboliki, na unaweza kuvuja damu ndani kwa ndani. Vidonge vingi vya steroidi huliumiza ini, na ini ndilo linalosafisha dawa nyingi za mdundo. Daktari wako alipima dozi yako akidhani mwilini hakuna kingine.

Halafu kuna jambo la mafuta. Sindano nyingi za steroidi ziko kwenye mafuta ili dawa itoke kwenye msuli polepole, kwa wiki kadhaa. Wauzaji huisifu: "Hudungi kila siku." Sasa fikiria moyo umeanza vituko siku ya tatu. Kidonge unaweza kuacha kumeza. Mafuta yaliyo ndani ya paja au tako huwezi kuyarudisha kwenye chupa. Utakuwa nayo ukiwa wodini, na yataendelea kutoka.

Kwetu hapa kuna la ziada. Nchi nyingi tajiri, fibrilesheni ya atria ni ugonjwa wa wazee. Afrika Mashariki huwapata vijana pia, kwa sababu ya homa ya baridi yabisi inayoanza na koo la utotoni lisilotibiwa. Koo linapona, lakini vali ya moyo inabaki na makovu, na miaka baadaye vyumba vya juu vinapanuka na kuanza kutetemeka. Kama ulikuwa mtoto wa kudungwa penisilini kila mwezi kliniki, na sasa huendi tena kwa kuwa unajihisi poa, wewe ni wa kwanza kwenye orodha ya wasiofaa kugusa vitu hivi.

Uliza pia nyumbani. Familia nyingi zina mjomba "aliyeanguka tu shambani" akiwa na miaka 30 na kitu, na kijiji kikamaliza kesi kwa kusema alirogwa. Ndugu wa karibu kufa ghafla kabla ya miaka 40 ni habari ambayo daktari wa moyo anataka kuisikia. Kama wewe mwenyewe umewahi kuzirai ukiwa katikati ya mazoezi, si baada bali katikati, usinyanyue tena hadi uchunguzwe.

Kipimo cha kwanza ni ECG, waya chache kifuani na karatasi yenye mistari, dakika chache tu. Mara nyingi bei yake ni nafuu kuliko mkebe mmoja wa protini. Vituko vyako vikiwa vya kuja na kuondoka, utavalishwa kimashine kidogo cha kurekodi kwa saa 24. Picha ya moyo ya mawimbi ya sauti huonyesha unene wa kuta. Na baadhi ya matatizo yanatibika kabisa: ule waya wa ziada wa Wolff-Parkinson-White huweza kuunguzwa kwa mrija mwembamba unaopitishwa kwenye mshipa wa paja. Ukitoka hapo, daktari anaweza kukuruhusu upige chuma vizuri kuliko sasa. Kuna hali nyingine ambazo atakuambia upunguze uzito, na hilo linauma, najua.

Na kama tayari umeshaanza kudunga? Usiongeze nyingine, wala usikae nyumbani ukijitibu kwa ushauri wa jamaa wa jimu. Ukiacha, mwili huchukua muda kuanza tena kutengeneza homoni yake, na unaweza kujikuta umezama kwenye huzuni nzito. Nenda hospitali ukaseme ukweli wote. Najua unaogopa kuhukumiwa, na kuna wauguzi wenye maneno makali. Wewe beba chupa, vidonge na karatasi yenye majina ya kila kitu ulichotumia na tarehe ulizodunga, pamoja na ile poda. Moyo ukienda mbio usitulie, ukipata kizunguzungu, maumivu ya kifua au pumzi kukata, usingoje asubuhi.

Ninyi wengine mlio kwenye jimu hiyo, mwenzenu akianguka asiitike wala kupumua vizuri, msimmwagie maji. Mmoja apige 999 au 112 na kutafuta gari, mwingine aweke viganja katikati ya kifua na kusukuma chini sentimita tano hivi, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mkipokezana mnapochoka, hadi msaada ufike. Jimu yetu haina mashine ya kushtua moyo. Yenu je, mmeshawahi kumuuliza mwenyewe?