KUHAMIA DISKI YA SSD BILA KUPOTEZA AMANA



Laptopu ya ofisi ya madrasa wote mnaijua. Ukiiwasha asubuhi, unaweza kwenda kuteka maji ukarudi, bado haijafunguka. Ndani yake yamo matokeo ya mitihani, majina ya wanafunzi na hesabu za michango. Wengine walishauri tuiuze. Kumbe ugonjwa ulikuwa diski tu, na dawa yake ni SSD.

Kwa nini diski ya zamani ni nzito?

Ndani ya diski ngumu mna sahani inayozunguka, kwa laptopu nyingi mara 5,400 kwa dakika, na mkono unaotembea juu yake. Kila faili likihitajika, mkono husogea na kuisubiri sahani ifike. Windows inapowaka huhitaji maelfu ya mafaili madogo, na kusubiri huko hujumlika. Kompyuta ya kwanza yenye diski ya namna hii ilitolewa na IBM mwaka 1956.

SSD haina kinachozunguka. Hutumia chipu za kumbukumbu, jamaa ya zile zilizomo kwenye flashi. Aliyebuni kumbukumbu hiyo ni Mjapani Fujio Masuoka, akiwa kampuni ya Toshiba, miaka ya 1980. Diski ngumu ya laptopu husoma takriban MB 100 kwa sekunde. SSD ya kawaida ya SATA hufikia MB 500.

Hatua za kufuata

Kwanza, fahamu diski inayokufaa. Laptopu nyingi za zamani huchukua SSD bapa ya inchi 2.5, nyingi mpya huchukua kipande chembamba kiitwacho M.2. Hakikisha kabla ya kupanda gari kwenda Makambako au Njombe, usije ukarudi Igwachanya na kisichoingia.

Pili, weka nakala ya mafaili muhimu kwenye flashi au diski nyingine, kisha ifungue uone kama inasomeka.

Tatu, unganisha SSD kwa waya wa kugeuza SATA kuwa USB, kisha tumia programu ya kunakili diski nzima. Kuburuta mafaili hakutoshi, kwa sababu ziko sehemu zilizofichika ambazo kompyuta huzisoma ili kuianzisha Windows. Zisipohamishwa, SSD haitawaka. Clonezilla ni programu ya bure, lakini kwa kawaida hutaka diski mpya isiwe ndogo kuliko ya zamani.

Nne, chomeka chaja na hakikisha betri imejaa, umeme usije ukakatika katikati ya kazi.

Tano, zima kompyuta, toa chaja na betri, kisha badilisha diski kwa bisibisi. Ikikataa kuwaka, ingia kwenye mipangilio ya BIOS uichague SSD iwe ya kwanza.

Hapa ndipo watu huangamia

Programu itakuuliza: unanakili kutoka diski ipi, kwenda ipi? Ukizigeuza, diski tupu itaandikwa juu ya iliyojaa, na kazi ya miaka itapotea. Usiangalie ukubwa peke yake, maana zote zaweza kuwa GB 500. Soma jina la kampuni na namba ya kila diski, uziandike kwenye karatasi kabla ya kuanza. Sisi tuliketi wawili: mmoja akisoma kwenye kioo, mwingine akilinganisha na karatasi. Ndipo tukabonyeza.

Mwisho, usiifute diski ya zamani siku hiyo hiyo. Iweke wiki mbili, huku ukifungua mafaili yako moja moja. Kasi ni jambo zuri, lakini majina na matokeo ya watoto wa watu ni amana. Kompyuta iliyochelewa huvumilika; amana iliyofutika haina wa kuirudisha.

Wabillahi tawfiq.