Kabla ya Kukata Bodi, Pima Gurudumu

(Mazungumzo ya juma hili kama yalivyosomwa redioni)

Juma hili najibu barua. Kijana mmoja wa Arusha ameandika kwamba amerithi gari aina ya Datsun 240Z kutoka kwa marehemu baba yake mkubwa. Anataka kulipanua: aweke madigadi za nje zile pana, na chini yake rimu za inchi 9. Fundi amemwambia kazi ni ya siku tatu tu: grenda, ribiti, puti na rangi. Naye anauliza kama bei aliyopewa ni ya haki.

Bei sitaizungumzia. Nitazungumzia hizo siku tatu, kwa sababu ndani yake kuna jambo moja ambalo likishafanyika halirudi nyuma.

Kwa wale ambao hawakulikuta gari hili barabarani, nieleze kidogo. Nissan walilitoa Japani mwishoni mwa mwaka 1969 kwa jina la Fairlady Z, na nje ya Japani likauzwa kama Datsun 240Z. Lina milango miwili, boneti ndefu, na injini ya silinda 6 zilizopangwa mstari mmoja, ujazo wa sentimita za ujazo 2,393. Uzito wake unazidi tani moja kwa kidogo tu. Sisi wa Afrika Mashariki tulilifahamu kwa njia ya mashindano. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo Safari Rally, na gari lililoshika nafasi ya pili lilikuwa 240Z vilevile, likiendeshwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Mwaka 1973 Mehta mwenyewe, akiwa na Lofty Drews, akashinda baada ya kulingana pointi na Harry Källström, aliyekuwa pia katika Datsun.

Sasa ukibahatika kuona picha za yale magari ya Safari, yatazame magurudumu. Hayakuwa na madigadi pana. Matairi yalikuwa membamba na gari limenyanyuliwa juu. Sababu yake ni tope. Tairi jembamba hulipasua tope likakanyaga ardhi ngumu iliyo chini. Tairi pana huelea juu yake kama mtumbwi, na dereva akabaki anazungusha usukani bila faida. Kwa hiyo anayesema anapanua 240Z ili lifanane na yale ya Safari, anakosea mlango.

Upana ule ulitoka kwingine. Ulitoka kwenye viwanja vya mashindano vya lami. Mwaka huohuo wa 1971 Nissan waliuza huko Japani toleo lililoitwa 240ZG. Lilikuwa na pua ndefu ya kukata upepo, na madigadi za kuongezea zilizofungwa juu ya bodi kwa kucha za chuma zinazoonekana. Gari la kawaida lilikuwa na upana wa milimita 1,630. Hili lilikuwa na 1,690. Urefu ukatoka milimita 4,115 kufika 4,305. Halikuwa pambo. Kanuni za mashindano zilitaka vifaa vya namna hiyo viwe kwenye magari yaliyouzwa kwa watu. Madereva wa mashindano walitaka matairi mapana ili gari lishike lami kwenye kona, matairi yakatokeza nje ya bodi, ikabidi yafunikwe.

Nataka jambo hilo likae akilini, ndugu msikilizaji. Gurudumu ndilo lililotangulia, bodi ikafuata. Siku hizi watu wengi wanafanya kinyume. Wananunua seti ya kupanua bodi kwa sababu wameipenda pichani, wanakata, wanafunga, wanapiga rangi, halafu ndipo wanakwenda kutafuta rimu. Matokeo yake ni moja kati ya mawili: ama gurudumu linajificha ndani ya pango kubwa kama mtoto aliyevaa koti la babu yake, ama linakwaruza kila gari linapoingia shimoni.

Basi tuanze mwanzo, na mwanzo ni kutu. 240Z halina chasisi ya kujitegemea kama lori. Bodi yenyewe ndiyo mifupa. Na magari haya yana sifa mbaya ya kuoza: chini ya kitako cha betri, kwenye reli za chini ya sakafu, kwenye vizingiti vya milango, na kwenye midomo ya matao ya magurudumu, mahali palepale madigadi mpya inapotakiwa kufungwa. Chukua sumaku ndogo, ifunge kitambaa ili isikwaruze rangi, uipitishe polepole. Isiposhika, hapo pana puti na si chuma. Madigadi iliyofungwa juu ya puti itadondoka, na kabla ya kudondoka itaficha kutu isionekane. Fundi anayekubali kuanza kazi bila kufanya kipimo hicho, mwambie asante, uondoke na gari lako.

Hatua ya pili ni gurudumu. Hapa pana neno moja ambalo ni lazima tulielewe, nalo ni ofseti. Rimu ina mstari wake wa katikati, na ina uso unaoegemea habu. Umbali kati ya viwili hivyo ndio ofseti. Uso ukiwa katikati kabisa, ofseti ni sifuri. Uso ukisogea upande wa nje, ofseti ni chanya, na gurudumu huingia ndani ya gari. Uso ukisogea upande wa ndani, ofseti ni hasi, na gurudumu hutokeza nje.

Tupige hesabu. Rimu ya inchi 7 ni milimita 178. Ikiwa na ofseti sifuri, milimita 89 ziko nje ya habu na 89 ziko ndani. Rimu kama hiyo hukaa vizuri chini ya bodi ya kawaida ya 240Z. Sasa chukua rimu ya inchi 9, yaani milimita 229, yenye ofseti hasi 19. Nje ya habu kutakuwa na milimita 133, na ndani 95. Maana yake gurudumu limetoka nje kwa milimita 44 na limeingia ndani kwa 6. Kumbuka lile toleo la 1971 liliongeza milimita 30 tu kila upande. Kijana wangu wa Arusha akinunua madigadi za umbo lile na rimu hizi za inchi 9, tairi litabaki nje. Kalamu na karatasi vimemwonyesha bila kukata kitu.

Zile milimita 6 za ndani nazo si ndogo. Upande wa ndani kuna mguu wa shokamzoba pamoja na kikombe kinachobeba springi. Tairi pana au refu linaweza kugusa kikombe hicho. Ndiyo maana wengi huweka springi nyembamba za kurekebishika, ambazo kikombe chake ni kidogo.

Usisahau pia urefu wa tairi. Matairi ya awali ya inchi 14 yalikuwa na kimo cha karibu milimita 636. Tairi la 225/50 la inchi 15 lina kimo cha 606. Gari litashuka milimita 15, na mshale wa spidi utasoma 105 wakati kweli unakwenda karibu 100. Tairi la 225/50 la inchi 16 lina 631, ambayo ni karibu sawa na la zamani. Na unaponunua, soma tarakimu nne ubavuni: mbili za kwanza ni juma, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lenye 2319 lilitengenezwa juma la 23 la mwaka 2019. Saizi za magari ya kale hukaa sana dukani, na tairi zee halishiki barabara hata likiwa na meno yote.

Wapo wanaokwepa hesabu hii kwa kuweka spesa, yaani kipande cha bati nene kati ya habu na rimu. Sisemi ni haramu. Nasema tazama stadi. Stadi za Nissan ni za milimita 12 na nyuzi za 1.25. Ili nati ishike sawasawa, unene wa stadi nzima uwe ndani ya nati, kwa maana ya kuizungusha kama mara kumi kabla haijabana. Ikizunguka mara tano, gurudumu limeshikiliwa na dua. Nati za Toyota, ambazo ndizo zimejaa kwenye magereji yetu, ni za milimita 12 lakini nyuzi zake ni 1.5. Huanza kuingia, zikakwama, na fundi akilazimisha kwa spana ndefu anaua nyuzi. Tena rimu za aloi nyingine hutaka nati yenye shingo na washa, na si ile ya ncha ya mviringo. Nunua nati pamoja na rimu.

Jambo jingine: kila milimita unayolisogeza gurudumu nje, unamwongezea mzigo beringi, na usukani unakuwa mzito na wenye kuvuta kwenye mashimo. 240Z halina msaada wa mafuta kwenye usukani. Mikono yako ndiyo itakayolipa.

Rimu zikishapatikana, zijaribu kabla ya kununua madigadi. Toa springi, funga gurudumu, kisha nyanyua mguu kwa jeki taratibu mpaka mwisho wa safari yake, ukigeuza usukani kulia na kushoto. Weka alama kwa chaki kila tairi linapokaribia bati. Kazi hii huchukua mchana mmoja, na mwisho wake unajua ni milimita ngapi zinatakiwa na ni wapi hasa.

Sasa tumefika kwenye grenda. Hapa ndipo nilipotaka tufike.

Fenda za mbele za 240Z zimefungwa kwa bolti. Unaweza kuzifungua, ukaziweka darini, ukakata nyingine za mitumba. Ukijuta, unarudisha. Lakini ubavu wa nyuma umechomelewa kwenye gari, na mdomo wa tao lake ni mahali ambapo bati mbili, la nje na la ndani, zimeunganishwa. Fenda ya mbele ni shati. Ubavu wa nyuma ni ngozi. Ukikata pale ukafunika kwa faiba na ribiti, bati hizo mbili zimeachana. Vumbi na maji vitaingia katikati, na sehemu hiyo ya mifupa ya gari imepoteza nguvu. Kwa nje gari linang'aa. Kwa ndani linaoza.

Fundi anayejua hukata bati la nje kwa kipimo, kisha hulipasua la ndani vipande vipande kama ukanda wa sketi, akavikunja juu mpaka vikutane na la nje, akavichomelea vyote, akapaka dawa ya kuziba maungio na rangi ya kuzuia kutu. Ndipo madigadi inawekwa. Kazi hiyo haiishi kwa siku tatu.

Katika kufunga, bolti ni bora kuliko ribiti, kwa kuwa madigadi ya faiba itapasuka siku moja na utataka kuitoa bila kutoboa upya. Weka mkanda wa mpira kati ya faiba na bodi ili rangi isikwanguliwe. Kila tundu lililotobolewa lipakwe rangi kabla ya bolti kuingia. Wenzetu wa Tanga na Mombasa wazingatie zaidi: hewa ya chumvi ikikutana na ribiti ya alumini juu ya chuma kitupu, kutu haichelewi. Na ile pua ndefu, mwenye kuitaka aikumbuke milimita 190 alizoongeza mbele, kisha ahesabu matuta yaliyopo kati ya nyumbani kwake na mjini. Kazi ikiisha, gari likaguliwe, na kampuni ya bima ielezwe kwa maandishi, kwani gari lililobadilishwa umbo si lile waliloandika.

Ndugu msikilizaji, simkatazi mtu kupamba mali yake. Nissan wenyewe walilipanua gari hili, na lilipendeza. Lakini 240Z hazitengenezwi tena, na kila ubavu wa nyuma uliokatwa vibaya umepunguza idadi ya zilizobaki nzima. Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Anza na rimu za inchi 7 na bodi uliyopewa. Ziba kutu, weka matairi mapya, endesha mwaka mzima. Ukiona bado unataka upana, chagua madigadi zinazokaa juu ya tao bila kulikata, na rimu zinazotosha ndani yake. Na ukiona ni lazima kukata, basi akate fundi ambaye ameshakuonyesha, kwa gari jingine, jinsi anavyochomelea bati la ndani. Akishindwa kukuonyesha, grenda isiwashwe.