Njia za miguu Bujumbura zimkumbuke mwenye mzigo

Na Mwandishi Wetu, Bujumbura

UKITOKA mpakani Kobero au Gatumba na furushi lako, usidhani safari imekwisha ukifika Bujumbura. Machi 2022 serikali ilipiga marufuku pikipiki, baiskeli na bajaji katikati ya jiji, na wengi wetu tuliozoea kushushwa mlangoni mwa duka tukabaki na miguu yetu.

Siku moja nilitoka Buyenzi na vitenge kichwani, nikielekea lilipokuwa Soko Kuu, lile lililoteketea kwa moto Januari 27, 2013. Mbele yangu gari lilikuwa limeegeshwa juu ya njia ya miguu. Hatua chache baadaye mfuniko wa mfereji haukuwapo. Nikashuka barabarani, lori likanipigia honi, nusura mzigo uanguke.

Niliwauliza wenzangu wa njiani wangependa nini kibadilishwe. Mwenye duka mmoja alitaka wachuuzi waondolewe kwa kuwa wanaziba mlango wake. Mama muuza nyanya, aliyerejea kutoka kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, alisema hapingi njia kutengenezwa, ila anaogopa kuamka asubuhi akute hana pa kukaa. Mzee mmoja mwenye mkongojo aliomba mifereji ifunikwe tu.

Hofu ya mama huyo si ya bure. Dar es Salaam, Oktoba 2021, machinga waliondolewa kwenye njia za waenda kwa miguu. Huko Kigali, barabara moja ya katikati ilifungiwa magari mwaka 2015, lakini hadi mwaka 2022 ndipo ikafunguliwa ikiwa imetengenezwa upya kwa jina la Imbuga City Walk. Kufukuza ni kazi ya siku moja. Kupanga kunahitaji muda.

Kwa maoni yangu, tuanze na yasiyo na ubishi: mifereji ifunikwe na magari yasiegeshwe juu ya njia. Kisha upigwe mstari, upande mmoja wa kupita, mwingine wa kupanga bidhaa, na atakayehamishwa aonyeshwe kwanza pa kwenda. Upana wa njia upimwe kwa mama mwenye furushi kichwani na mtoto mgongoni. Akipita yeye bila kushuka barabarani, nasi wengine tutapita.